Nani Alimuua Rosa?

Nakala ya kitabu cha Rosa Mistika iliyotufikia bwenini haikuwa na jalada, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi. Mwenyewe alitaka kimrudie kabla ya mitihani, hivyo tulikisoma kwa zamu, mmoja akilala mwingine anakipokea. Tulikuwa tukisomea ualimu mkoani Morogoro. Rosa naye, binti wa Ukerewe, alikwenda Morogoro kusomea ualimu, na tulipofika kwenye sura zile tulisoma kana kwamba ni habari za chumba cha jirani. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, na kuna wakati kilipigwa marufuku shuleni. Mama yangu aliniambia kwamba enzi zao walikificha chini ya godoro.

Jumamosi usiku, wa mwisho alipomaliza, tulibanana vitandani tukaanza. Kitabuni Rosa anajiua, lakini nani hasa alimuua? Jibu langu lilikuwa tayari: Zakaria. Baba anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, anamlea kwa woga mtupu, kisha anamwachia dunia ambayo hakuwahi kumfundisha kuishi ndani yake. Nilisema kwa hasira, sauti ikinitetemeka.

"Zakaria mlevi tu," akadakia wa kitanda cha juu. "Muuaji ni Charles. Anasema anampenda, halafu anamkataa eti si bikira. Yeye mwenyewe je, bikira?"

Tukapiga kelele mpaka matroni akagonga dirisha.

Mwenzetu mmoja, Mkerewe, hakuwa amesema neno. Tulipomgeukia alituuliza tumemtaja Regina mara ngapi tangu tuanze. Hakuna aliyejibu. Akatuambia kwamba yeye kitabu kizima alikuwa akimfuata mama huyo wa Rosa, anayepigwa na mume na bado anahangaika ili mabinti wasome. "Kwetu ninawajua akina Regina," alisema. "Nikisoma, namwona yeye kwanza, Rosa baadaye." Mpaka leo nikimfundisha Rosa Mistika mtu yeyote, naanzia kwa Regina.

Mimi nilibaki na donge. Nikasema sitaki tena riwaya ambayo msichana ndiye anayelipa kila deni, mpaka apelekwe na mbele ya Mungu kujibizana na baba yake. Wengine walinitajia vitabu walivyovipenda wao. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyopendekeza: tunatoa kilichotugusa sisi, bila kuuliza mwenzetu kinamuuma nini. Msichana wa Unguja, aliyekuwa akinisikiliza tu, ndiye aliyenijibu.

"Basi shoga, katafute Nyota ya Rehema. Yumo mwanamme mmoja, mkulima, hana kitu. Mtazame anavyofanya, kisha uje unambie kama Charles hakuwa na njia nyengine."

Hakuongeza kitu, hakunisimulia kisa. Nilikipata maktaba: Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Nikamkuta Rehema akiikimbia nyumba ya baba yake tajiri, nikaona mji ulivyomtafuna, kisha nikamwona Sulubu, yule mkulima, akimwoa pamoja na yote aliyoyapitia. Kila ukurasa wa Sulubu niliusoma huku Charles akiwa kando yangu kama mshtakiwa. Ndipo nilipofahamu hasira yangu ilikuwa ya nini. Kufa kwa Rosa kuliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba palikuwa na uwezekano wa kupendwa hivyo, na hakuna aliyempa.

Nilimwendea Mzanzibari wangu jikoni, akiwa kwenye foleni ya uji, nikamwambia Charles alikuwa na njia, na kwamba Sulubu nimempenda kupita kiasi.

"Wengi humpenda Sulubu," alisema. "Mimi nampenda Rehema, kwa siku ile aliyotoka kwao."

Nikamwambia kutoka kwao ndiko kulikomponza. Akaliweka bakuli chini, tukaanza upya.