Siku Yangu na Sauti Isiyo na Mwenyewe

Saa 11 alfajiri. Sijashusha mguu kitandani, simu imeshajaa. Ujumbe mmoja wa sauti umeingia kwenye makundi manne niliyomo: la wazazi wa shule, la kikoba, la mtaa wetu wa Makorora na la ukoo. Mwanamke anaongea mbiombio kwamba samaki wanaoletwa sokoni wanatiwa dawa ya maiti wasioze, na kwamba watu watatu wameshalazwa. Juu yake mtu ameandika: DEEP SEA TANGA, SAMBAZA. Mwanamke mwenyewe hajitaji, wala hasemi waliolazwa wako wapi. Naswali, nachukua kinasa sauti, napanda baiskeli.

Saa 12 na nusu. Saa hizi Deep Sea, soko letu la samaki, huwa huisikii hata simu yako ikilia. Leo dalali ananadi tenga la vibua na hakuna anayepandisha bei. Mama mmoja mkaangaji, ninayemfahamu tangu nianze kazi ya redio, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kutuzika?"

Ananifunulia mashavu ya changu: mekundu. Anambonyeza ubavuni, nyama inarudi. Ananifundisha, kama anavyonifundisha kila nikifika pale, kumjua samaki wa baruti: ukimpasua unakuta mwiba umevunjika na damu imevilia ndani. "Huyo ndiye ningekukataza. Lakini hii dawa ya maiti mimi sijaiona." Kisha anasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba Ijumaa ana marejesho ya mkopo. Nimeandika neno hilo daftarini kabla ya mengine yote.

Saa 2 asubuhi. Nanunua chai na mbaazi, nausikiliza ujumbe mara ya tano. Safari hii neno moja linanigusa sikio. Yule mwanamke wa kwenye ujumbe anasema, "tulipofika mwaloni." Mwalo! Sisi watu wa pwani samaki wetu wanashuka dikoni. Mwalo ni neno la watu wa ziwa. Nampigia mwandishi mwenzangu wa Mwanza, namtumia ile sauti. Baada ya robo saa ananijibu kwamba aliisikia mwaka jana, na wakati ule juu yake palikuwa na jina la soko jingine.

Sitaki kuficha: nilifurahi mno. Nilitamani nirushe hewani palepale.

Saa 4. Chumba cha habari. Mhariri wangu naye amefurahi, na tayari ameshaandika kichwa: "Samaki wa Deep Sea wako salama." Hapo tukabishana. Nimejua kwamba sauti si ya hapa, lakini sijajua samaki wana nini. Formalini, ndiyo hiyo dawa ya maiti, ikiwa nyingi inachoma pua na macho, na mimi sikunusa kitu. Lakini pua yangu si maabara. Uvumi ukisema bila kupima, na sisi tukiukanusha bila kupima, msikilizaji atatutofautishaje? Mhariri akanyamaza, akafuta. Namheshimu kwa hilo, maana wengi hawafuti.

Saa 5 hadi saa 8. Simu. Vituo viwili vya afya vinasema havijapokea mgonjwa wa namna hiyo. Ofisi moja inayohusika inanikalisha kwenye benchi, halafu inaniambia nilete barua. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inawapa hadi siku 30 kujibu. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakaangaji wa Deep Sea wanaishi katikati ya hayo maneno mawili, "siku 30" na "wakati wote."

Pale kwenye benchi nililikumbuka gazeti la Kiongozi, lililochapwa hapahapa Tanga, shuleni, mwanzoni mwa karne ya 20. Lilikuwa la serikali ya Wajerumani, na lilisema waliyotaka yasemwe. Lakini ndani yake wenyeji waliandika habari za miji yao. Huwa nawaza kuhusu hao waandishi, walivyojitahidi kupenyeza jambo la kweli mle ndani.

Saa 9 alasiri. Narudi dikoni, namkuta afisa uvuvi. Anakubali kurekodiwa: wamekagua mzigo wa asubuhi, hawakuona dalili ya dawa, sampuli zitapelekwa kupimwa. Nikigeuka, mfanyabiashara mmoja ananishika mkono na kuniachia noti mbili za elfu kumi. "Ya nauli, dada. Tusemee vizuri." Namrudishia. Hakuwa na nia mbaya; amezoeshwa na makanjanja kwamba habari inalipiwa. Lakini ningeipokea, yule mama wa kwenye ndoo naye angekuwa na deni kwangu, na elfu ishirini hana.

Saa 1 jioni. Taarifa ya habari. Nasoma mwenyewe: sauti inayosambaa ilishawahi kusikika mkoa mwingine, vituo viwili vya afya havina mgonjwa, maafisa wamekagua kwa macho, majibu ya maabara bado, yakitoka tutawaambia, yawe vyovyote. Dakika mbili na nusu, kwa kazi ya saa kumi na nne.

Nikifunga mashine namkumbuka Azory Gwanda, mwandishi mwenzetu aliyetoweka Kibiti, Novemba 2017. Jina lake silipitii bila kusimama.

Saa 3 usiku. Simu inaita mlio wa ujumbe. Shangazi yangu wa Pangani ananitumia sauti ileile. Siandiki, nampigia.

"Shikamoo, shangazi. Hiyo nimeshinda nayo leo."

Namsimulia yote, mwalo na diko, mashavu ya changu, na sampuli ambazo hazijapimwa. Anasikiliza kimya hadi nadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo hamjui bado."

"La nusu tunalijua, shangazi. La nusu tunasubiri."

"Haya. Hayo majibu yakija, nipigie kwanza mimi. Mie ndiye niliyewatumia wenzangu kumi na wawili, itabidi niwarudie mmoja mmoja."