Kilima cha Seli

Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili nilipoteza karibu majuma matatu nikitafuta kosa ambalo halikuwapo. Nilikuwa nimeandika programu ya kutatua milinganyo ambayo Evelyn Keller na Lee Segel waliichapisha mwaka 1970, ili kueleza jinsi amiba wa Dictyostelium, viumbe wa seli moja, wakiishiwa chakula, wanavyotoa kemikali na kuifuata hadi wakajikusanya mahali pamoja. Mlinganyo wa kwanza hufuatilia msongamano wa seli, ambazo hutawanyika ovyo na papo hapo huvutwa kule kemikali ilikozidi. Wa pili hufuatilia kemikali yenyewe, inayotolewa na seli hizohizo, ikasambaa na kuchakaa.

Niliweka kilima laini cha seli katikati ya gridi ya visanduku, nikaiendesha programu. Kilima kilichongoka, kikawa kama sindano, kisha hesabu ikavunjika. Kabla ya hapo nilikuwa nimewahi kupata idadi hasi ya seli, aibu ambayo kweli ilitokana na uzembe wangu, kwa hiyo safari hii pia nilijishuku mwenyewe. Nilipunguza hatua ya muda kwa nusu, kisha kwa nusu tena. Sindano ilirudi vilevile.

Msimamizi wangu aliitazama grafu kimya, kisha akauliza, "Jumla ya seli inabadilika?" Nilijumlisha visanduku vyote mbele yake: 40 mwanzoni, 40 hata sindano ilipokwisha kusimama. "Basi punguza upana wa kisanduku kwa nusu, uone kilele."

Kilele kilipanda karibu mara nne. Niliikodolea macho namba ile hadi nikang'amua kwamba kisanduku kimoja kilikuwa kimemeza sehemu kubwa ya seli, na eneo lake lilipobaki robo, msongamano haukuwa na budi kuwa mara nne.

Kumbe milinganyo yenyewe ndiyo iliyotaka hivyo. Seli zake hazina unene, wala hakuna kinachozizuia kurundikana kwenye nukta moja. Kwenye uso bapa, kwa vipimo nilivyotumia, kizingiti cha kilima cha mviringo, yaani jumla ya seli ambayo ikizidi kilima huchongoka bila kikomo, ni 8π, takriban 25, nami nilikuwa nimeanza na 40. Jioni ile nilijaribu 20, kilima kikalala taratibu. Kisha nikarudi kwenye 40, nikiongeza sharti kwamba seli isiingie palipojaa. Kilima kikainuka, kikawa bapa juu, kikatulia.