Chajio Kilichosubiri Maji Yajae

Siku ya tatu kisiwani nilikasirika, na kilichonikasirisha ni saa ya kula.

Siku tuliyofika, mimi na mdogo wangu, tulikula saa kumi na moja na nusu jioni. Kesho yake ikawa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Siku ya tatu nikaenda jikoni mapema kuuliza, maana nilikuwa nimeshapanga siku yangu: kuogelea, kuoga, kula, kusoma kurasa mbili tatu, kulala. Mama mpishi alikuwa ameketi mlangoni akimenya vitunguu saumu. Hakutazama saa. Alitazama bahari, ambayo wakati huo ilikuwa imerudi nyuma mbali kabisa, akasema, "Leo saa moja itakuwa imepita kidogo, mwanangu."

"Mbona jana tulikula mapema, mama?"

"Jana maji yalijaa mapema."

Nikarudi ufukweni nimenuna. Kazi niliyoiacha nyumbani haikubali mtu achelewe hata robo saa, na ratiba yake nilikuwa nimeibeba hadi mchangani. "Dada," mdogo wangu akaniuliza bila kufumbua macho, "una haraka ya kwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa kwenye kisiwa ambacho mtu hukimaliza kwa miguu kabla jua la asubuhi halijawa kali.

Kisiwa kile kimezungukwa na mwamba wa matumbawe, na kati ya mwamba na ufuko kuna maji ya kina kifupi, ya kijani kilichopauka, yaliyotulia kama yamo kwenye beseni. Bahari ikipwa, mgongo wa mwamba hutoka nje na mashua haiwezi kupita. Wavuvi hungoja upande wa pili, kwenye maji makuu, mpaka bahari ipande. Tangu maji yajae hadi yajae tena hupita saa 12 na dakika kama 25, kwa hiyo kila siku hujaa kwa kuchelewa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Ni kwa sababu ya mwezi. Dunia inapomaliza mzunguko wake wa siku, mwezi nao unakuwa umeshasogea mbele kwenye njia yake, na dunia inabidi izunguke dakika 50 zaidi ili iufikie. Hayo nilifundishwa shuleni na mtihani wake nilifaulu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja yangeamua nile saa ngapi.

Tulikuwa tumefika siku ya mwezi mpevu. Jioni ya kwanza ulichomoza tukiwa tumebakiwa na mifupa kwenye sahani. Jioni ya pili, ukachomoza tukiwa kwenye mifupa. Jioni ya tatu, ile niliyokula nimekunja uso, mdogo wangu akanigusa mkono na kunionyesha kwa kidevu: mwezi huo, umeanza kumegeka kidogo upande mmoja, unatoka majini, na mbele yangu kuna kichwa cha samaki na miiba yake. Chajio na mwezi vilikuwa vinachelewa pamoja, kwa kiasi kilekile. Hasira yangu iliishia pale pale. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akigombana na kalenda.

Baadaye nilimwuliza mama mpishi kwa nini asipike samaki wa jana, basi, ili watu wale mapema. Aliniangalia kwa huruma. Kisha akaniita nimkaribie, akamchukua kolekole aliyetoka kwenye mashua, akanionyesha bila maneno mengi. Macho yamejaa na kung'aa, hayajazama. Matamvua mekundu. Akabonyeza mnofu kwa kidole, na shimo la kidole likajifuta. Akaninusisha, na kweli hakukuwa na harufu ya samaki, kulikuwa na harufu ya bahari. Juu ya jodari alikuwa mkali zaidi: asiyewekwa kwenye barafu tangu anatolewa majini, hapokei, hata akipewa bure. Yeye hakunieleza kwa nini, lakini sababu yake naijua. Nyama ya jodari ikikaa kwenye joto, bakteria huzalisha ndani yake kemikali iitwayo histamini, na histamini ikishaingia, moto wa jikoni hauiondoi. Mtu anawashwa, uso unawaka, kichwa kinagonga, na samaki mwenyewe anaweza kuwa hana dalili yoyote ya kuoza. Tangu siku hiyo sikuuliza tena habari za samaki wa jana.

Nitasema sasa tulikula nini, kwa sababu bado nakiota.

Samaki wa kuchoma, kwanza. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu, makaa. Basi. Nimekula samaki wengi maishani mwangu waliozikwa chini ya mchuzi, na nadhani mara nyingi mchuzi ule ulikuwa unaficha jambo. Huyu alipasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu, akakaa juu ya makaa muda mfupi sana hadi nikahofia ni mbichi. Lakini nyama ya samaki haihitaji muda. Mwili wake unabebwa na maji, hauna kazi ya kusimama na kubeba uzito kama ng'ombe, kwa hiyo nyuzi zinazoshikilia mnofu ni laini na huachia kwa moto mdogo. Ukizidisha dakika chache tu, umemkausha. Mama mpishi alijua kwa kuchomeka kijiti mahali panono: kikiingia bila kukwama, anaepua.

Pweza ni kinyume chake. Asubuhi ya pili, bahari ikiwa imepwa sana kwa sababu ilikuwa ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tulifuatana na mwanamke mmoja hadi juu ya mwamba, tumevaa viatu vya raba, yeye ana kijiti kirefu mkononi. Aliona mashimo ambayo mimi niliyapita mara tatu bila kuyaona. Vipande vya makombe vilivyotupwa mlangoni ndivyo vinavyomfichua pweza, kwa kuwa akishakula hutupa mabaki nje. Alimpata mmoja, akamuua kwa haraka bila kumtesa, na nikakaa kimya. Kiumbe yule ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Anabadilisha rangi kwa kufumba na kufumbua. Sikujua kama nitaweza kumla. Jioni, baada ya kupigwapigwa juu ya jiwe na kuchemshwa taratibu mchana kutwa mpaka akalainika, nilimla, na nilimla kwa heshima ambayo sijawahi kumpa kuku wa friji.

Kamba kochi walikuja usiku mmoja tu. Walikuwa na rangi ya mawe, kahawia yenye madoa, na mdogo wangu alishangaa walivyogeuka wekundu juu ya moto. Wekundu ule wanao tangu wakiwa hai, umefungwa ndani ya protini inayouficha. Moto ukiivunja, rangi inafunguliwa. Tuliwala kwa mikono, mpaka viwiko vikachuruzika.

Siku ya nne ndipo pono walipoletwa, na hapo nilisita kwa sababu nyingine.

Asubuhi ile tulikuwa tumevaa miwani ya kupigia mbizi na mirija, tukaelea juu ya matumbawe nyuso zikiwa majini. Kitu cha kwanza kilichonistua ni sauti. Chini kuna mlio, kru, kru, kama mtu anatafuna bisi chumba cha pili. Ni pono. Mdomo wao ni kama wa kasuku, na wanakwangua miamba ili wale mwani unaoota juu yake. Mawe wanayomeza wanayasaga, na yanatoka nyuma yao kama wingu jeupe. Wingu hilo ni mchanga. Niliwatazama watatu wakifanya hivyo na nikageuka kuangalia ufuko, ule mweupe laini niliokuwa nimelala juu yake siku tatu nikiusifia. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa zaidi ya kilo 100 za mchanga kwa mwaka. Na mwani wanaoula, ukiachwa, hufunika matumbawe na kuyanyima nafasi. Belize, nchi ya Amerika ya Kati, ilipiga marufuku kuvua pono mwaka 2009 kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo jioni, walipotolewa kwenye kikapu, bado wana ile buluu na waridi yao, nilimwomba mama mpishi anipe samaki mwingine. Hakukasirika. "Kuna tasi," akasema, na wale pono wakaenda kwa watu wengine. Simhukumu mvuvi aliyewaleta. Yeye anaishi pale, mimi nilikuwa mgeni wa siku sita. Ila nilipolala mchangani tena kesho yake, nilifurahi kwamba sikuwala.

Kuna jambo lingine niliona chini ya maji ambalo sikulitaja mezani. Upande mmoja wa mwamba, matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa, eneo la ukubwa wa chumba. Matumbawe hupata rangi, na sehemu kubwa ya chakula chake, kutoka kwa mwani wadogo mno wanaoishi ndani yake. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa digrii moja tu na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, matumbawe huwafukuza wapangaji wake hao, kisha hubaki meupe, yana njaa. Joto likishuka mapema yanaweza kupona. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kupauka huko kumeikumba dunia nzima kwa mara ya nne. Kusoma habari hiyo ni jambo moja. Kuelea juu yake, moyo unadunda masikioni, na kutosikia hata pono mmoja akitafuna, ni jambo ambalo bado sijalipatia neno.

Mchana tulipumzika. Ninaliandika neno hili kwa fahari, maana lilinichukua siku nne kulijua. Siku za mwanzo nilikuwa nalala chini lakini mwili umesimama. Nageuka, nachungulia simu, natafuta kivuli bora kuliko hiki. Nilipoacha kuuliza ni saa ngapi, nilianza kuona vitu. Kaa wadogo wa rangi ya mchanga wanaotoka mashimoni wakidhani hakuna mtu. Mstari wa maji unavyopanda, wimbi moja linafika, matano yanayofuata hayafiki, la saba linapita. Mchanga ule mweupe hauchomi nyayo kama mchanga mweusi, kwa kuwa unarudisha mwanga badala ya kuumeza. Na machweo ya kule ni mafupi. Jua halishuki kwa mshazari, linadondoka wima, na ukisema uende kuchukua kanga chumbani, ukirudi giza limeingia. Baada ya kukosa machweo mara mbili, tulijifunza kukaa.

Usiku wa mwisho mashua iliingia saa mbili na dakika kumi. Maji yalikuwa yameelekea kuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na wavuvi walihitaji kusubiri hasa. Mdogo wangu alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye mkeka. Mimi nilikaa ukingoni mwa maji, nina njaa, sina haraka. Mwezi ulikuwa bado. Giza lilikuwa zito kiasi kwamba mashua niliijua kwa sauti ya kasia kwanza, halafu kwa mwanga: kila kasia lilipochota maji, maji yaliwaka buluu kidogo na kuzima. Ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikitikiswa hutoa mwanga. Vilikuwapo siku zote. Mwezi mpevu ulikuwa unatufichia.

Nikamwamsha mdogo wangu. Tukaingia majini hadi magotini tukatikisa mikono, tukacheka kama watoto, hadi mama mpishi akatuita. Tulikula saa nne kasorobo, changu wawili wa makaa. Tulikuwa kwenye mifupa mwezi ulipochomoza, ukielekea nusu sasa, umelala kama bakuli.

Leo ni siku ya kumi na tano tangu tulipofika kule, na nipo nyumbani. Nimekula chakula cha jioni saa moja kamili kama kila mtu. Lakini mchana, katikati ya kazi, nilijikuta nahesabu kwa vidole: dakika 50, mara siku hizi zote, ni kama nusu siku. Maana yake yale maji mengine, yaliyokuwa yakijaa alfajiri sisi tukiwa tumelala, sasa yamefika alasiri. Nikatazama saa ukutani. Saa kumi. Mashua ilikuwa inaingia.