Aweloaki

Kazi ya mwisho niliyolipwa kabla ya harusi ya binamu yangu ilikuwa kipande cha kadibodi chenye maneno mawili: SUKARI IMEKWISHA. Mwenye duka alinilipa viberiti vitatu. Ni 1983 hiyo, Ngamiani, Tanga, siku zile Sokoine, Waziri Mkuu, alipokuwa akiwaandama wahujumu uchumi. Maduka mengine yalifungwa, na yaliyobaki wazi rafu zilikuwa tupu. Mwandika mabango ataandika nini? Nilikuwa na miaka 22, nusu kopo la rangi nyeusi ya mafuta, na majivuno ya kujaza mapipa.

Majivuno yalikuwa na asili yake, kwa kuwa sikufundishwa na mtu. Baba alikuwa kuli bandarini. Nikimpelekea chakula nilikaa juu ya marobota ya katani nikifuatisha kwa kidole alama za mashamba zilizopigwa ubavuni. Herufi nene, nyeusi, zenye mapengo, maana zilipigwa kwa bati lililotobolewa. Shuleni nami nikaandika hivyo hivyo, A ina mapengo, O ina mapengo, mpaka mwalimu akamwambia mama nipelekwe nikapimwe macho. Brashi nilijitengenezea kwa manyoya ya mbuzi. Baadaye ukitembea Ngamiani toka Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja ulikuwa huukosi mkono wangu: saluni, hoteli, gereji, mng'oa meno mmoja.

Shangazi alinijia mwezi wa Shaabani. Alitaka kumuoza bintiye kabla ya Mwezi Mtukufu, na kanga za sare hazikupatikana hata kwa mlango wa nyuma.

"Mwanangu, kumi na wawili tu. Hata kama ni mitandio. Wasije wakakaa kwenye harusi ya mwanangu kila mtu na lake kama wako gulioni."

"Niachie mimi, shangazi."

Akafungua sanduku, akatoa bafta. Mwanamke wa umri ule akiwa na kitambaa cheupe sandukuni huulizwi alikiweka kwa ajili ya nini, nami sikumuuliza.

Bati la kutoboa ningeliweza kwa macho yaliyofumba. Lakini herufi za bati lazima ziachiwe vishikizo ili tumbo la O lisidondoke, na shangazi alisema kabisa kwamba hataki wageni wake wavae marobota ya katani. Basi nikaona nichonge muhuri. Niliokota kandambili mbovu ufukweni Ras Kazone, nikazikata soli kwa wembe: korosho nne za pembeni kama zile zinazochorwa kwenye kanga, na herufi za jina, yaani maneno ya kwenye kitambaa, moja moja, nikazibandika kwenye ubao kwa gundi ya fundi viatu. Jina alilichagua shangazi mwenyewe: WACHA WASEME MWANA KAOLEWA. Nikazipanga vizuri, toka kushoto kwenda kulia, kama ninavyoandika ukutani. Nikasoma ubao. Unasomeka. Nikajipongeza.

Usiku ule, kwa mwanga wa koroboi, nilipiga vyote kumi na viwili. Nikipaka rangi kwenye soli, nikigeuza ubao, nikiukandamiza kwa kiganja na kwa goti, nikiuinua polepole kitambaa kisivutike. Watu huniuliza sikuonaje. Sikuwa nasoma. Nilikuwa naangalia kama rangi imekolea, kama kingo za herufi zimekaza, kama korosho haijavuja. Nje masika inanyesha, ndani nimetundika kamba toka ukuta hadi ukuta, harufu ya rangi imenipanda kichwani, nikalala chini ya mitandio kama sultani.

Alfajiri nikafungua dirisha.

AWELOAK ANAWM EMESAW AHCAW.

Rangi ya mafuta haifuliki. Nilijaribu kimoja kwa mafuta ya taa niliyopunguza kwenye koroboi, kikawa na wingu jeusi, maneno yakabaki pale pale. Nikavikunja, nikaenda.

Wanawake walikuwa uani wanachambua mchele. Mmoja akatandaza mtandio magotini. "Awe... awelo... Aweloaki?" Wa pili, aliyewahi kupika kwa Wagiriki kwenye shamba la mkonge, akasema kwa uhakika kwamba hicho ni Kigiriki. Shangazi alishika tama, hakuniangalia. Natamani angenitukana.

Somo wa bibi harusi ndiye aliyekuja kuninusuru, bibi mmoja mla tambuu. Yeye kusoma alikusomea chuoni, kwenye Kurani, kwa herufi za Kiarabu; hizi nyingine alizipata utu uzima kwenye kisomo. Akaweka kidole ukingo wa kulia. "Wa-cha. Wa-se-me. Mwa-na. Ka-o-le-wa." Akatema tambuu kando. "Mbona yasomeka? Nyie mwaanzia wapi?"

Akaingia ndani na kimoja. Kilichofuata nimesimuliwa tu, mwanamume hapiti mlango ule. Mwari hina ilikuwa haijakauka, hawezi kushika kitu, kwa hiyo somo akamtanda mwenyewe, akamsimamisha mbele ya kioo cha kabati. Mimi barazani nilisikia kicheko, kisha vigelegele. Siku ya harusi wote kumi na wawili walijitanda, na yule mwenye wingu jeusi alikaa mbele.

Tangu hapo nimepita mikono mingi. Nimechora kwa rangi ya baiskeli kwenye hadibodi Dar es Salaam, kwa mtindo ule aliotuachia Edward Tingatinga. Nimefanya batiki, ambako pale unapotaka pabaki peupe ndipo unapomwaga nta, yaani unachora usichotaka kupaka. Nimechonga mbao za kuchapia picha. Siku hizi nafinyanga, vibaya, na mke wangu hunywea maji kikombe cha dukani. Kote huko nimeanza kwa kuharibu vitambaa vya watu.

Ila kisa cha bafta hakikuishia harusini. Wiki iliyofuata alikuja mmoja wa wale kumi na wawili, kajifunika gubigubi. Alikuwa na neno la kumpelekea mke mwenziwe, lakini alitaka liandikwe kinyume, kama yale ya harusi, ili akishtakiwa kwa mume aseme ni mapambo tu. Maneno yenyewe siyaweki hapa, mwenziwe bado yu hai. Nikachukua kandambili na wembe. Na kwa kuwa nilikuwa nimejiapiza kwamba sitarudia kosa, kila herufi nikaikata imegeuka, nikazipanga toka kulia kwenda kushoto, nikapiga.

Yakatoka yamenyooka kama bango la barabarani. Alikitazama kitambaa kwa muda, akanilipa nusu, akajitanda pale pale, akatoka.