Kinga ya dola 90

Wiki tatu nilizunguka Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, nikitafuta kinga (baiskeli) moja tu: ya kazini, ya safari ndefu yenye mizigo, na ya njia za vilimani. Ile ya kwanza ilinidanganya kwa rangi. Tairi zilikuwa nyembamba, na mawe ya lava yakapasua ya nyuma siku ya pili.

Sasa nina ya chuma, kuukuu, ringi za inchi 26, tairi pana za 2.1. Fremu ikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea anaiunga; alumini si rahisi hivyo. Karibu na ekseli ya nyuma kuna matundu ya kufungia keria. Fundi akaniambia, "Papa, kwenye njia mbaya punguza upepo kidogo." Breki bado zinalia, hata wenye chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, wananigeukia.