Skuli, si shule

Kanisa letu la Voi lilinituma Unguja kufundisha hesabu kwa kujitolea, katika mpango wa kubadilishana walimu. Siku ya kwanza niliandika ubaoni “Shule yetu”. Binti wa mbele akainua mkono: “Mwalimu, hapa twasema skuli.” Nikafuta, nikaandika upya, chaki ikanikatikia mkononi.

Jumapili nasali Mkunazini, kanisa lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Pale huomba kwa sauti ya chini.

Wanafunzi wangu karibu wote ni Waislamu. Ramadhani, bibi yake yule binti aliniletea uji wa pilipili manga, bakuli bado lafuka mvuke.

“Mwanangu, mgeni hafuturu peke yake.”

“Bibi, mimi sijafunga.”

“Kunywa tu.”

Nikanywa wote, koo lawaka, naye kakaa mlangoni akisubiri bakuli lake.