Filamu Isiyonichagulia Upande

Ninaposema kwamba napenda filamu zinazomchimba mtu kuliko zile zinazokimbiza matukio, wenzangu hudhani nasifia filamu za kusinzia, ambamo mzee hutazama dirishani kwa muda mrefu huku mvua ikinyesha. Ziko za namna hiyo, na nyingine zimenishinda kumaliza. Lakini iliyo bora kuliko zote nilizowahi kutazama katika mkondo huu ina kisa kizito cha mahakamani, ina tuhuma za wizi na za kusababisha kifo, na ina deni linalomkaba mtu koo. Ni filamu ya Kiirani ya mwaka 2011, *A Separation*, iliyoongozwa na Asghar Farhadi na kuipatia Iran tuzo yake ya kwanza ya Oscar mwaka 2012.

Simin anataka kuhama nchi pamoja na mumewe Nader na binti yao Termeh. Nader hataki, kwa sababu baba yake amepoteza kumbukumbu na hana mwingine wa kumtunza. Katika tukio la kwanza wanandoa hawa wameketi mbele ya hakimu tusiyemwona, wakiitazama kamera moja kwa moja, kana kwamba sisi watazamaji ndio tunaoombwa kutoa hukumu. Simin anauliza kama huyo mzee hata anajua kwamba Nader ni mwanawe, naye Nader anajibu kwamba yeye anajua kuwa yule ni baba yake. Ukisikia hivyo unaona kesi imekwisha, Nader ameshinda. Haichukui muda kabla hujaanza kumtilia shaka.

Simin anaporudi kwao, Nader anamwajiri Razieh, mwanamke mjamzito na mcha Mungu, ambaye mumewe ana madeni na hajui kwamba mkewe anafanya kazi katika nyumba ya mwanamume mwingine. Mzee anapojikojolea, Razieh hamgusi kwanza; anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Binti yake mdogo, aliyesimama kando, anamwahidi kwamba hatamwambia baba. Ni dakika chache tu, lakini umeshaijua ndoa ile, imani ile na umaskini ule, bila mhusika yeyote kukaa chini na kutusimulia maisha yake. Hapa ndipo tamthilia nyingi tunazorushiwa jioni zinaponichosha, kwani humo mtu akiwa na hasira lazima aseme ana hasira, kisha muziki urudie kusema, kisha jirani aje kuuliza kwa nini ana hasira. (Nadhani hii pia ndiyo sababu filamu kama hii haifai kutafsiriwa kwa sauti katika vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video kwa kiingilio: mfasiri angelazimika kunyamaza mahali ambapo wateja wamelipa kumsikia.)

Baadaye Nader anamkuta baba yake ameanguka, amefungwa mkono kitandani, na Razieh hayupo. Razieh anaporudi, Nader anamfukuza, anamsukuma mlangoni, na mimba inaharibika. Je, alijua kwamba ni mjamzito? Filamu nzima inazunguka swali hilo, na uzuri wake ni kwamba kila mmoja ana sababu ambayo mimi ningeweza kuwa nayo. Razieh mwenyewe anashindwa kuapa kwa Msahafu ili familia yake ipokee fidia, kwa kuwa siku moja kabla aligongwa na gari na hana hakika mimba iliharibiwa na nini. Mtazamaji aliyelelewa katika nyumba ambamo kiapo cha Msahafu si mchezo hahitaji kuelezwa kwa nini mwanamke yule anatetemeka.

Kwetu, iliyonikaribia zaidi ni *Supa Modo* ya Kenya, ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kuhusu Jo, mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi. Naipenda, ingawa naona wanakijiji wanakuwa wema kwa wepesi mno. Anayenishika ni mama, anayetaka mtoto apumzike ndani wakati wengine wanataka acheze, na ambaye wala hana kosa.

Mwisho wa *A Separation*, Termeh anatakiwa kumwambia hakimu atakaa na nani, na wazazi wanangoja nje wakiwa wametenganishwa na mlango wa vioo. Hatuambiwi jibu. Wote wamevaa nguo nyeusi, nami naichukulia kuwa mzee ameshafariki, yaani sababu ya ugomvi imeondoka na talaka imebaki palepale. Dada yangu anashikilia kwamba binti alimchagua baba, kwa sababu alikwisha kumdanganya hakimu kuhusu lile swali la mimba ili kumwokoa. Mimi naona uongo ule ndio uliompeleka kwa mama: tazama anavyolia garini baada ya kuusema, huku baba yake, aliyezoea kumfundisha kutokubali lisilo sahihi, akiwa ameuacha upite.